Simu Kwenye Soksi

Mimi sipendi kufundishwa, nalisema wazi. Nimeshona nguo miaka ishirini na miwili, nimewafundisha wasichana tisa kukata shingo ya gauni bila kuharibu kitambaa, na mpaka leo mtu akinishika mkono kunionyesha kitu nasikia kama ananikaba koo. Sasa mtu mwenye hasira za namna hiyo akapewa mwalimu wa miaka kumi na mmoja, tena aliyemzaa mwenyewe! Jamani.

Huyo mwalimu ni binti yangu wa mwisho. Nyumbani tunamwita Wakili, kwa sababu alianza kubishana kabla meno hayajamjaa kinywani. Ukimwambia akalale, anakuuliza kwa kosa gani. Ni mfupi kuliko wenzake wote darasani, lakini mdomo wake hauna breki.

Shuleni kwao wamewekewa ukurasa wa mtandaoni unaofundisha watoto kuishi kwa afya. Kuna video, kuna michezo, kuna maswali ya kujibu. Mwenyeji wa ukurasa ni katuni ya figo, figo mzima mzima, amevaa miwani na viatu vya raba, na kila ukifungua anakukodolea macho na kukuuliza, "Umeninywesha maji leo?" Mara ya kwanza nilipomwona nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole.

Basi mwalimu wao wa michezo akawapa kazi kupitia ukurasa huo. Kila mtoto achague mtu mzima mmoja nyumbani kwao, awe mwanafunzi wake kwa wiki nne. Amfundishe kunywa maji, kulala mapema, kula mboga na kutembea. Kila jioni mtoto anajaza majibu ya mwanafunzi wake, ila hatua zinahesabiwa na simu yenyewe, naye anaijaza ile namba. Mwisho wa wiki ya pili, anayeongoza atarekodiwa video ya somo la mazoezi, na video hiyo itatazamwa na watoto wa shule zote zinazotumia ukurasa.

Wakili akanichagua mimi.

"Kwa nini usimchukue baba yako?" nikamuuliza. Mume wangu ni fundi bomba, kutwa yuko chini ya masinki ya watu, anapanda ngazi, anashuka. "Yeye si ndiye mwenye mbio?"

"Baba ni rahisi mno," akasema. "Baba ukimwambia anywe maji, anakunywa. Alama zinatolewa kwa mtu aliyebadilika. Hapa ndani mgumu ni wewe."

Mume wangu akapaliwa na chai. "Mwanangu, hiyo kesi uliyoichukua, hata majaji wataikimbia."

Nikawatazama wote wawili kwa jicho ambalo wateja wangu wanalijua. Lakini nikakubali, na nitasema kwa nini. Mwaka jana Wakili alichaguliwa kusoma shairi mbele ya wazazi. Alilikariri mwezi mzima, hadi mimi nikawa naliota. Siku yenyewe wakaona kipaza sauti kimemzidi urefu na hakishuki, basi wakampa mwenzake mrefu. Alikaa kwenye benchi la mbele, mikono mapajani, midomo yake inalifuata lile shairi neno kwa neno. Muhula uliofuata aliteuliwa tena kutangaza michezo, na tena wakambadilisha, sijui sababu gani. Kwa hiyo alipoisoma habari ya video ile, macho yakamwaka. Alianza kufanya mazoezi ya kutangaza mbele ya kioo siku hiyo hiyo, ameshika chanuo. Ukishaona kitu kama hicho, unakataaje?

Jumatatu tukaanza. Akanikabidhi simu yangu kama anayemkabidhi askari bunduki. "Iwe mwilini mwako kutwa nzima, mama. Usiiache mezani."

Mwilini wapi? Mimi ninayeushonea mji mzima mifuko, gauni zangu zenyewe hazina hata mmoja. Kwenye aproni kuna chaki, mkasi na tepu, na nikiinama kila kitu kinamwagika. Wiki hiyo nilikuwa na majoho arobaini na mawili ya mahafali ya chuo, meusi, mapana, mishono mirefu isiyokwisha, na sikuwa na muda wa kushika simu mkononi. Nikaichomeka kwenye soksi ya mguu wa kulia, nikaizungushia kipande cha lastiki isianguke. Nikajipongeza. Fundi ni fundi.

Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Imekaa dirishani, chumba cha mbele, mtu akipita barabarani ananiona kuanzia kifuani kwenda juu. Kiti nimekiwekea mto. Nikishakaa saa mbili asubuhi, kuniondoa ni kazi.

Jioni Wakili akachomoa simu, akatazama, akapiga ukelele uliomtoa baba yake bafuni na taulo.

"Elfu thelathini na moja! Mama! Hatua elfu thelathini na moja!"

"Ngapi?" mume wangu akauliza. Akachukua simu, akaigeuza, akaitikisa. "Mama Wakili, umekwenda wapi na hatua zote hizi? Una mume mwingine mji wa pili?"

"Nimekuwa mbioni kutwa," nikasema, tena kwa nia safi kabisa. Miguu ilikuwa inaniwaka moto. Nilikwenda kununua uzi, nilikwenda chooni, nilikwenda dukani. Mtu akichoka miguu, si ina maana ametembea? Jumanne ikawa elfu thelathini na tatu. Wakili alipozijaza, yule figo wa kwenye ukurasa akarusha miwani juu na kucheza. Mwanangu naye akacheza.

Jumatano mvua ilinyesha tangu asubuhi. Sikutoka. Sikununua uzi, sikwenda dukani. Niliinuka kitini mara tatu tu, naapa. Saa nane mchana nikasikia simu inatetemeka mguuni, nikaichomoa nione nani anapiga. Alikuwa mteja. Nilipomaliza kuzungumza naye, nikaiona namba: elfu ishirini na mbili.

Nikairudisha kwenye soksi, uso wake ukitazama juu. Nikakanyaga cherehani mara kumi, polepole, namba ikapanda kwa kumi. Nikaacha, nayo ikatulia. Nikakanyaga tena, ikaenda. Loo! Kumbe siku zote tatu nilikuwa natembea kitini, kilomita na kilomita, bila kufika popote.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nikasema jioni nitamwambia Wakili, tutacheka wote, tutaihamishia simu kiunoni, mambo yaishe.

Jioni yenyewe hakuingia kwa miguu, aliingia kwa kuruka. Begi kule, viatu huku. "Mama, naongoza! Shule nzima! Mwalimu ameisoma orodha mbele ya wote, jina langu la kwanza!" Akanikumbatia kiuno na kunisukasuka. "Ni kwa sababu yako. Nilijua tu unaweza."

Nikafungua mdomo nimwambie habari ya soksi. Nikamwambia hongera mwanangu. Kesho yake nikaichomeka simu kwenye soksi ile ile, nikijua kabisa ninachofanya. Na keshokutwa yake. Wala nisijitetee kwamba nilighafilika. Kila asubuhi niliivuta ile lastiki kwa vidole vyangu mwenyewe.

Mambo mengine lakini yalikuwa ya kweli, hilo nalo niseme. Nilikunywa maji glasi nane, mpaka nikawa nakwenda chooni kama mtu aliyeajiriwa huko. Nililala mapema. Mboga tulikula mpaka mume wangu akauliza kama tumefungua zizi. Yeye alikuwa anaficha soda kwenye mkoba wa spana, Wakili akaifuma, akamhukumu kuosha vyombo siku tatu. Nyumba ilikuwa na furaha. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na mfupa kooni.

Alhamisi ya wiki ya pili mwalimu wa michezo akanipigia simu. Kijana mwenye sauti ya filimbi.

"Mama, hongera sana! Mimi mwenyewe mwalimu wa michezo sijawahi kufikisha hatua hizo. Kesho tunamrekodi binti yako. Tunakuomba uje, uwaongoze watoto kuuzunguka uwanja mara nne, halafu atakuhoji."

"Mara nne?"

"Kwako wewe si ni kupasha moto tu, mama!"

Nikasema nitakuja. Ningesema nini?

Ijumaa asubuhi nikavaa raba za mume wangu, nimeziba kwa vitambaa mbele zisinivuke, nikaenda. Watoto arobaini wamejipanga uwanjani. "Shikamoo mama!" kwa pamoja, wananitazama kama mtu aliyeshuka na ndege yake. Wakili amefungwa utepe kichwani, amepewa kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, ambacho hakijali urefu wa mtu. Alikuwa anang'aa. Mwalimu amesimamisha simu yake juu ya miguu mitatu, tayari.

Filimbi ikalia. Nikatoka kwa madaha, kifua mbele. Robo ya kwanza, sawa. Nusu, nikaanza kusikia pumzi. Mzunguko wa kwanza ulipoisha moyo ulikuwa unagonga kama mtu aliyefungiwa stoo. Wadogo wa darasa la pili wakanipita huku wanapiga soga. Mmoja akageuka, "Mama, umechoka?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Katikati ya mzunguko wa pili miguu ikasema basi. Nikakaa chini, kwenye nyasi, mbele ya watu wote, mdomo wazi.

Watoto wakasimama. Mvulana mmoja mrefu akasema kwa sauti, "Huyu ndiye wa elfu thelathini?" Wengine wakaanza kucheka.

Wakili akaja mbio na chupa ya maji. Akasimama mbele yangu, kati yangu na wale watoto, mikono kiunoni, na urefu wake ule wa kitoto.

"Mnacheka nini? Mama yangu anajifanya tu!" akawafokea. "Anawapunguzia mwendo ili na nyinyi msikate tamaa. Angetaka, angewaacha wote!" Kisha akaniinamia, akaninong'oneza, "Si ndiyo, mama?"

Hapo ndipo nilipokatika maini. Angenifokea ningefoka naye, hasira ninazo za kutosha. Lakini mtoto alikuwa ananitetea kwa moyo wake wote, kwa kesi ambayo mimi nilijua tumeshindwa.

"Hapana," nikasema. "Sijifanyi. Sijatembea hata siku moja."

Nikawaeleza pale pale nilipokaa. Soksi, lastiki, cherehani. Nikawaonyesha kwa mguu jinsi ninavyokanyaga. Watoto wakaangua kicheko, hata mwalimu akaugeuza uso, mabega yanamcheza. Wakili hakucheka.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Jumatano."

"Ya wiki hii?"

"Ya wiki iliyopita."

Akahesabu kwa vidole, bila haraka. "Siku tisa," akasema. "Siku tisa ulijua, na mimi nilikuwa najaza."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na raba zangu.

Mwalimu akasema taratibu kwamba haidhuru, wataangalia la kufanya, aizime kwanza kamera. "Usizime," Wakili akamwambia. Akaenda akasimama mbele ya ile simu, akautengeneza utepe wake. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni tu. Akasema hatua zake si za kweli, simu ilivaliwa mguuni na mtu aliyekuwa amekaa, na kwamba yeye kama mwalimu alikosa, kwa sababu namba ilikuwa kubwa mno na hakuuliza swali hata moja. Akawaambia watoto simu ivaliwe kiunoni, na mtu mzima wako akikuletea namba ya kukufurahisha, muulize amekwenda wapi. Akamaliza akabandua kile kipaza sauti kwenye kola yake, akampelekea yule mvulana mrefu, aliyekuwa wa pili. Mwanafunzi wake alikuwa babu yake, ambaye alianza kwa hatua mia tatu akafika elfu mbili, zote za kweli. Mvulana akarekodiwa. Wakili akampigia makofi mpaka mwisho.

Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno. Wakili, kunyamaza! Mume wangu alipotuona akauliza nani amekufa.

Baada ya chakula akaja kusimama kando ya cherehani. "Zimebaki wiki mbili," akasema. "Bado wewe ni mwanafunzi wangu. Ila kuanzia sasa tutatembea mbele ya macho yangu."

"Hata kama video imekwenda?"

"Video ilikuwa yangu. Miguu ni yako."

Basi tukaanza upya, na huko kutembea nilikuona. Kila akitoka shule tunazunguka mitaa miwili, tunapeleka majoho yaliyokwisha, tunarudi. Siku ya kwanza nilipumzika mara nne. Siku ya sita mara moja. Lakini lililoniuma halikuwa miguu. Mtoto hakuniamini tena. Nikimwambia asubuhi nilikwenda mpaka kwa muuza vitambaa, ananiitikia vizuri, "Sawa mama," kisha namwona anavuka barabara kwenda kumuuliza mama muuza duka wa mkabala: mama yangu amepita hapa? Saa ngapi? Alikuwa ameelekea wapi? Anarudi, anajaza.

Siku moja hasira zikanipanda. "Hivi mimi ni mama yako au mshtakiwa?"

"Vyote viwili," akasema, wala hakuinua macho.

Mume wangu akacheka, mimi nikaingia jikoni nikafunga mlango. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki. Nimewahi kumrudishia msichana kazi yake mara tano kwa mshono uliopinda kidogo tu, nikimwambia mtu akishaona kimoja kimepinda, atavikagua vyote. Sasa nilikuwa nakaguliwa mimi.

Siku ya mwisho ya zile wiki nne ilikuwa Ijumaa, na ndiyo siku chuo walipotaka majoho yote. Nilikuwa nimebakiza matano, na kola moja iligoma kukaa. Tangu saa moja asubuhi sikunyanyuka. Wakili alikuwa na mechi shuleni, kwa hiyo hatukutembea. Simu yangu nayo haikuwepo. Ya mume wangu iliingia maji kazini siku iliyotangulia, akaichukua yangu asubuhi ili wateja wake wampate, akakaa nayo kiunoni kutwa nzima, vilima na ngazi. Saa kumi na moja akanirudishia, akaiweka mezani kando ya mkasi, akaenda kuoga.

Nikaitazama. Hatua elfu tisa na mia nne. Namba safi, ya heshima, ya mtu aliyetembea vizuri. Hakuna ambaye angeitilia shaka. Ile siku ya mwisho ilikuwa na alama maradufu, na Wakili, hata baada ya zile hatua za uongo kufutwa, alibakiza kidogo tu kuwafikia watatu wa juu, ambao majina yao yangewekwa kwenye ukurasa karibu na yule figo.

Akaingia, magoti yana vumbi, utepe umelegea. Akakaa kwenye kigoda changu cha kukatia lastiki, akaichukua simu. Akaiona ile namba. Macho yakamchanua. "Mama, leo umetembea!"

Nikaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Sikutembea," nikasema. "Hizo ni za baba yako, aliondoka na simu yangu. Mimi leo sikutoka hapa kitini. Andika sifuri."

"Leo ni maradufu, mama."

"Najua. Andika sifuri."

Akafungua ukurasa, akazifuta zile elfu tisa, akaandika sifuri, akabonyeza kutuma. Yule figo akavua miwani akainamisha kichwa kwa huzuni. Wakili akaifunga simu, akavua viatu, akanyoosha miguu yake juu ya rundo la vipande vya kitambaa cheusi, akaanza kunisimulia mechi yao, nani alifunga, nani alidanganya ameumia.

Nikamsikiliza, nikimsubiri ainuke. Nikatupa jicho dirishani. Mama muuza duka alikuwa pale pale mlangoni kwake, anapepeta mchele.

"Huvuki kwenda kumuuliza?" nikamwambia.

"Kumuuliza nini?" akasema Wakili, amekunja uso kwa sababu nimemkatiza. "Si umeshaniambia wewe?"

Akaendelea na mechi yake. Mimi niliinamia lile joho la mwisho, nikajifanya nachomeka uzi kwenye sindano, na ule uzi haukuingia, kwa sababu nilikuwa nalia.